Nani Atamsemea Korongo

Jumatatu, 3 Machi

Leo Korongo amepata goti. Goti moja tu, la kushoto. Watu wazima wanne wakalipigia makofi kama vile limefaulu mtihani. Mimi nilikuwa wa tano. Sikupiga makofi. Nilikuwa nimeshika tochi.

Kila siku mimi ni wa tochi!

Niandike vizuri, maana siku moja watu watataka kujua mambo yalianzaje. Tunaunda roboti. Si ya kiwandani, si ya kubeba mizigo. Ni korongo. Ndege wa bati aliyenizidi urefu, miguu ya bomba, mdomo wa mbao, manyoya ya filamu kuukuu za eksirei. Akikamilika atacheza, atapiga kigoma kwa bawa, atavua kofia, atasema kichekesho, kisha atainama kuaga. Hana faida yoyote hapa duniani. Mwalimu anasema ndiyo sababu anampenda.

Mwalimu ni mwanamke anayefundisha fizikia shule ya sekondari. Chumba chetu ni stoo ya maabara yake: viti vilivyovunjika miguu, harufu ya spiriti, na kwenye kona kiunzi cha mifupa cha plastiki kisicho na taya. Yeye ndiye aliyetukusanya. Vyuma ni kazi ya shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, mchomeleaji wa mageti. Mota na nyaya ni za Daktari wa Meno, ambaye ndiye pia aliyeleta zile eksirei. Ukiinua bawa la Korongo kwenye mwanga unaona meno ya mtaa mzima. Koti na kofia ni za mke wangu, Mama Pacha, fundi cherehani. Wote huja baada ya kazi zao, kwa mapenzi tu.

Na mimi? Mimi ni Bwana Shangwe! Mshereheshaji! Harusi ngapi za mji huu zimepita mdomoni mwangu? Siku hizi zinapita mdomoni mwa kijana mmoja mwenye viatu vyeupe, anayepiga kelele badala ya kusema. Sina kinyongo naye. Namwombea koo limkauke tu.

Ila ukumbi wa maktaba umepata paa jipya, na Jumamosi ya wiki ijayo unafunguliwa. Wametuomba Korongo atumbuize watoto. Ukumbi utajaa. Na Korongo akifungua mdomo, sauti itakuwa yangu. Jambo hili hatujalijadili. Halina mjadala.

Jumanne, 4 Machi

Limejadiliwa.

Ni Mwalimu. Alisema sauti ichaguliwe kwa haki. Kila mtu asimame nyuma ya kabati, asome maneno yale yale, wengine wasikilize bila kumwona, kisha tupige kura. Nilicheka moyoni. Ni sawa na kuwapanga vifaranga washindane na jogoo kuwika.

Maneno yenyewe aliyatunga yeye. "Mimi ni Korongo. Miguu yangu ni mirefu kwa sababu mbili. Sababu ya kwanza ni ya kushoto." Basi. Hapo ndipo watu wacheke. Nilimwambia kichekesho kisicho na utangulizi ni nyumba isiyo na mlango. Akasema watoto huingilia dirishani.

Zamu yangu ilipofika niliyarekebisha kidogo. Niliwasalimu wageni waalikwa, wazazi, walezi, na kamati ya maandalizi. Nikaliombea paa makofi. Kabla sijafika kwenye miguu, Shemeji akauliza kwa adabu kama anaweza kwenda kuchomelea kitu kidogo halafu arudi.

Daktari akasoma kwa sauti ile ile anayoitumia kuwaambia watu kwamba hawatasikia maumivu. Hakupandisha, hakushusha. Kama mtu anayesoma risiti. Walicheka mpaka Mwalimu akajishikiza kwenye kiunzi cha mifupa.

Kura zote kwa Daktari. Zote! Hata ya mke wangu!

Njiani nilimwambia namwelewa, pengine nyuma ya kabati hakuitambua sauti yangu. Akasema aliitambua.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata mpango. Daktari ajitoe mwenyewe. Nitakwenda kwake kama mgonjwa, nitajifanya jino linauma, na katikati ya mazungumzo nitamdokezea kama rafiki: mtu mwenye heshima zake, akisikika anasema kwa mdomo wa ndege, nani tena atakubali kumfungulia kinywa? Sumu kidogo. Tone moja linatosha.

Chumba cha kungojea kilijaa. Watu wameshika mashavu, hakuna anayemtazama mwenziwe. Nikajaribu kuwachangamsha kwa kisa cha bwana harusi aliyesahau suruali. Mama mmoja alinisihi nisimchekeshe, akicheka kunamuuma. Baadaye akaongeza kwamba hata hivyo hakuona hatari yoyote.

Jambo moja sikulifikiria. Kwa daktari wa meno, mgonjwa haongei. Nilipoanza tu kusema kwamba nimekuja kama rafiki, akatia kioo. Nikaanza upya, akatia pamba. Akachungulia, akaguna, akasema nimefanya la maana kuja, maana jino la mbele la juu limeoza mpaka kwenye mzizi, na anashangaa nimevumiliaje. Nikatikisa kichwa kukataa. Akanishika bega, akasema nisiogope.

Sikusikia maumivu yoyote. Hilo ndilo linaloniudhi.

Nimerudi nyumbani na mdomo umevimba kama puto. Ile sumu nimeimeza mwenyewe.

Ijumaa, 7 Machi

Msiba!

Nimeamka nikamwambia mke wangu siku njema. Akakimbilia jikoni kuzima birika.

Hakukuwa na birika. Ni mimi. Pale jino lilipokuwa pamebaki dirisha, na kila nikifika kwenye s napiga mluzi. Miaka yote hii chombo changu cha kazi ni hiki kinywa, na sasa kimetobolewa na mtu yule yule aliyeninyang'anya nafasi. Shemeji amesema sasa ndiyo nafanana na ndege, bahati mbaya kura zimeshapigwa. Anajiona mcheshi. Debe tupu!

Lakini leo Korongo amecheza kwa mara ya kwanza. Nitaandika, ingawa sitaki.

Daktari alibonyeza swichi. Mwanzoni hakuna kitu. Kisha goti la kushoto likakunjika, la kulia likafuata, shingo ikaenda huku na huku kama mzee anayetafuta miwani yake, bawa likagonga kigoma: ti, ti, tum. Koti jekundu likapepea. Meno ya mtaa mzima yakameremeta kwenye mabawa. Akavua kofia, akainama mbele yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nimesimama pale na tochi.

Mwalimu alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Mke wangu amemshika mdogo wake kiwiko. Mimi macho yalikuwa yananiwasha. Nikasema ni moshi wa kuchomelea. Shemeji akasema leo hajachomelea kitu.

Hakuna kiumbe aliyeniinamia hivyo, hata siku zangu za neema.

Lazima aseme kwa sauti yangu. Lazima.

Jumapili, 9 Machi

Daktari amerekodi. Alikaa, akasema, akamaliza, akanywa maji. Kama mtu aliyetoka kumeza kidonge. Mchana kutwa wakabaki wanalinganisha mwendo na maneno yake. Akitaja kushoto, mguu wa kushoto unainuka. Akitua, bawa linagonga kigoma. Mwalimu yuko kwenye kompyuta, Daktari ana bisibisi zake nyembamba, mke wangu anapunguza mkono wa koti usinase kwenye kiwiko. Hawazungumzi sana. Mmoja ananyoosha mkono bila kutazama, mwingine anatia mkononi kile kile kinachotakiwa. Sijui wamejifunzia wapi.

Niliwapa mawaidha. Walishukuru. Hawakufuata hata moja.

Hata hivyo nimeona jambo. Sauti imo kwenye kadi ya kumbukumbu, ndogo kama ukucha, inayochomekwa chini ya bawa la kushoto. Inaingia. Inatoka.

Jumatatu, 10 Machi

Kabla ya kuchukua hatua kubwa nimejaribu njia ya amani. Nilikwenda kwa Shemeji kumshawishi abadilishe kura yake. Karakana yake ni uwanja wa mageti yaliyoegemezwa ukutani, kila moja lina maua ya chuma na ncha za mikuki juu. Nikafungua mdomo tu, akaniomba nimshikie geti wima kidogo, aunganishe bawaba.

Kidogo! Nilishika mpaka vidole vikafa ganzi. Ukiachia linakuangukia. Mteja mmoja akaja akaniuliza mimi kama mfanyakazi geti lake limefikia wapi.

Shemeji akainua kinyago chake cha kuchomelea. "Shemeji, unajua kwa nini nampenda yule ndege?" akasema. "Kazi yangu yote ni kuzuia watu. Mageti, nondo za madirisha. Mtu ananilipa ili mwenziwe asiingie. Yule ni kitu changu cha kwanza cha kuita watu waje."

Nikamwambia hata sauti yangu ni ya kuita watu. Alinitazama kidogo, akashusha kinyago, cheche zikaanza tena.

Amani imeshindikana. Wao ndio waliotaka.

Jumatano, 12 Machi

Nimerekodi! Sebuleni, kwa simu, mke wangu akiwa kwenye cherehani na kola ya Korongo. Nilimwambia nafanya mazoezi ya kurudisha ulimi mahali pake baada ya jino. Akaitikia bila kuinua macho.

Mluzi nimeufanyia ujanja. Nimekwepa kila neno lenye s (sh haina shida)! Badala ya kusalimu nimewaambia hamjambo. Badala ya sababu nimetumia chanzo. Badala ya asanteni nimesema nawapongeza. Mabibi na mabwana haina s hata moja, wala wazazi, wala walezi, wala paa. Lugha yetu ni tajiri kwa mtu anayeijua.

Nikaanza na wageni, nikaja kwa mafundi wa paa, nikapitia umuhimu wa vitabu katika malezi, nikaweka kisa cha bwana harusi (kwa ajili ya watoto nimegeuza suruali ikawa kofia, na harusi ikawa ndoa), ndipo nikaingia kwenye miguu. Kazi safi. Nikaiweka simu mezani, tukazungumza kidogo na mke wangu, tukala. Kisha nikahamishia kwenye kadi nyingine kama ile ya Daktari.

Sikujisikiliza. Mpishi hodari haonji.

Ijumaa, 14 Machi

Tayari!

Walipokuwa wanapakia spika na kigoma kwenye pikapu ya Shemeji, nikajitolea kufagia stoo. Mwalimu alishtuka kwa furaha. Alisema amefurahi kuona sasa najihesabu mmoja wao. Nikamjibu kwamba umoja ni nguvu. Akaniachia ufunguo, kwa tabasamu ambalo lingemlainisha mtu mdhaifu.

Chini ya bawa la kushoto. Kadi ya Daktari ikatoka, ikaingia mfukoni mwa suruali yangu. Kadi yangu ikaingia mahali pake. Nilinyata kama mwizi wa kuku. Lakini mwizi huchukua. Mimi natoa. Nimewapa sauti.

Na nilifagia. Kidogo. Karibu na mlango.

Jumamosi, 15 Machi

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Ukumbi ulijaa. Watoto sakafuni, wazazi kwenye viti, Mkutubi mbele na gauni lake la kijani, paa juu linanukia rangi. Mimi safu ya kwanza, na suti yangu ya harusi kubwa. Daktari akabonyeza swichi.

"Hamjambo, mabibi na mabwana!" akasema Korongo, kwa sauti yangu.

Daktari akageuka kumtazama Mwalimu. Mwalimu akamtazama Shemeji. Mke wangu alinitazama mimi moja kwa moja, hakupitia kwa mtu.

Tatizo ni kwamba mwendo ulipangwa kwa maneno ya Daktari, nayo ni mafupi. Mimi nipo bado kwa mafundi wa paa, Korongo ameshavua kofia. Nikifika kwenye malezi, ameshainama kuaga. Akaanza upya. Akagonga kigoma katikati ya wageni waalikwa. Watoto wakaanza kujikuna na kuvutana nywele. Mmoja akauliza kwa sauti kubwa ndege ataanza saa ngapi. Kisa cha bwana harusi kikapita kama gari lisilosimama kituoni. Kichekesho cha miguu kikafika miguu yote iko chini, na "chanzo cha kwanza ni cha kushoto" hakuna aliyekielewa. Kimya. Nimewahi kusherehesha harusi ambayo bwana harusi hakutokea. Ule ukimya ulikuwa na uchangamfu kuliko huu.

Nikajiambia basi, aibu imekwisha. Daktari alikuwa ananyoosha mkono azime.

Haikuwa imekwisha. Siku ile sebuleni sikuwa nimezima simu.

"Mama Pacha," akasema Korongo, "sema kweli. Bado nachekesha?" Na kwenye ile s akapiga mluzi uliofika mlangoni.

Ikasikika cherehani. Trrr. Kimya. Trrr.

Korongo akapeleka shingo huku na huku, kama anamtafuta mwenye jibu.

"Si nakuuliza wewe? Nikisimama mbele ya watu. Bado nachekesha?"

"Chakula kinapoa," ikajibu sauti ya mke wangu.

Ti, ti, tum, likapiga bawa.

Ukumbi ulilipuka! Watoto walianguka chali. Wazazi walijipiga mapaja. Daktari mkono ukabaki hewani, Mwalimu akaushusha taratibu.

"Nijibu basi."

"Kaa ule."

Korongo akavua kofia.

"Nikila utanijibu?"

"Ukila utanyamaza."

Korongo akainama mpaka mdomo wa mbao ukagusa sakafu.

Katika maisha yangu yote ya kazi sijapata kicheko kama kile. Kikubwa, cha kweli, cha kutoka tumboni, watu wameshikana wasianguke. Ndicho nilichokuwa nakitafuta kila ukumbi. Nikakaa katikati yake na suti yangu, mtu pekee asiyecheka. Hapana. Tulikuwa wawili. Mke wangu alikuwa ameinamisha uso kwenye mapaja yake.

Baba mmoja nyuma yangu akaniinamia huku anafuta machozi, akaniuliza huyo mume ni nani, mbona ana kipaji hivi.

Nikamwambia simjui.

Jumapili, 16 Machi

Kikao, stoo. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa na majibu makali kwa kila mmoja wao. Hawakugomba. Hiyo ni dharau.

Mwalimu aliuliza tu kwa nini sikuwaambia kwamba nafasi ile nilikuwa naitaka kiasi hicho. Nikasema niliwaambia, wakapiga kura. Shemeji akasema lau si dada yake, angenichomelea mlango wa nyumba nikiwa ndani. Daktari akauliza kadi yake iko wapi. Nikasema mfukoni mwa suruali. Mke wangu akasema suruali ameiloweka tangu jana asubuhi. Daktari akatikisa kichwa polepole, kisha akaniuliza kidonda cha jino kinaendeleaje. Mtu wa hatari sana yule!

Kisha Mkutubi akaingia, meno yote nje. Watoto wamerudi leo kumtafuta ndege. Wanamtaka tena Jumamosi, na yule mume na yule mke. Akauliza ni waigizaji gani wale, maana walisikika kama watu kabisa.

Nikasimama. Nikasema mshereheshaji si kikaragosi. Nikasema aibu za nyumbani kwangu hazitauzwa kwa watoto. Nikasema najitoa kwenye kundi, na Korongo ajitegemee. Nikaelekea mlangoni, nikawapa nafasi ya kunibembeleza. Nikainama nikafunga kamba ya kiatu. Nikafunga na ya pili. Viatu vyote vilikuwa vimefungwa.

Mwalimu alisema watasikitika. Kisha akamuuliza Daktari kama ataweza kuwa mume.

Ataweza!

Akamuuliza mke wangu kama atakubali kuwa mke. Nikamtazama. Akasema atakubali, ila yatungwe maneno mapya. Yale ya sebuleni yafutwe kabisa, yasisikike tena popote, ni ya kwake na mumewe. Sauti ilimkwama kidogo hapo. Vumbi, nadhani. Stoo ile haijafagiwa vizuri.

Jumanne, 18 Machi

Nimepita shuleni. Kwa bahati tu. Njia ya kwenda kwa kinyozi ukiizungusha inapita huko.

Dirisha la stoo lilikuwa wazi. Daktari alikuwa anasema, kwa ile sauti yake ya risiti, kwamba hawezi kula chakula ambacho kimeanza kumtazama. Mke wangu akacheka. Haikuwa sehemu ya mchezo. Alicheka tu, akashindwa kuendelea, akaomba waanze upya, wakaanza, akacheka tena.

Kicheko kile nakijua. Mwishoni kina kikohozi kidogo. Nilikisikia mara ya kwanza kwenye harusi ya binamu yake, mimi bado kijana, na kipaza sauti cha kuazima. Kilitoka meza ya nyuma kabisa. Siku ile niliwasahau bwana harusi, bibi harusi, wazazi na wageni wote. Nikawa nasema kwa ajili ya ile meza ya nyuma.

Kwa kinyozi sikufika.

Jioni nikamuuliza tena lile swali. Safari hii nilikagua, simu ilikuwa imezimwa. Akasimamisha cherehani. Nilitamani asiisimamishe.

"Ulikuwa unachekesha," akasema. "Sana. Ulikuwa ukiingia ukumbini unakaa kimya kwanza, unawatazama watu. Nani amechoka, nani amenuna, nani kagombana na mumewe njiani. Halafu ndiyo unasema. Siku hizi humtazami mtu, Baba Pacha. Unasema tu."

Nikaanza kuhesabu vifungo vya koti la Korongo pale mezani.

"Na mimi niko hapa kila siku, kwenye kiti hiki hiki," akasema. "Mara ya mwisho kunitazama ilikuwa lini?"

Akaiwasha cherehani.

Nimekaa na maneno yale sana. Ni mazito. Nimeyageuza upande huu na upande ule, kwa haki kabisa, bila kujipendelea. Nimeridhika kwamba ni uchovu. Lile koti lina vifungo vingi mno.

Ijumaa, 21 Machi

Ushindi! Ushindi mtupu!

Mwalimu amenisimamisha barabarani. Kesho Korongo anapanda tena jukwaani, na kundi limekubaliana niitwe nimtambulishe kwa watoto. Amesema ni wazo la mke wangu. Nisimame, niwatazame watoto, niseme sentensi moja, niketi. Sentensi moja, akarudia, na kidole kimoja akakiinua ili nikione.

Wameshindwa bila mimi. Nilijua tu. Wiki haijaisha wamerudi kwa magoti.

Mke wangu ameninyooshea suti. Amesema kesho atakaa pembeni, karibu na dirisha, na nikisimama nimtafute kwanza kwa macho. Nikimwona, niseme kile nilicho nacho, basi. Akaniweka sawa kola. Akaiweka sawa tena, ingawa ilikuwa imekaa vizuri, akabaki amesimama pale mbele yangu kama anangoja kitu. Nikamwambia asijali, kila kitu kimepangwa. Sikuweza kuinua macho, nilikuwa naandika.

Sentensi moja! Nimeshamaliza karatasi zote za droo, nimehamia kwenye migongo ya kalenda, na bado sijaweka nukta. Hakuna aliyesema sentensi iwe na urefu gani. Neno "na" nimelitumia kwa ustadi ambao hata Mwalimu atakiri. Nimo bado kwenye salamu, na zinapendeza.

Hofu yangu ni moja tu. Watu hawa hawana subira, wanaweza kumwasha Korongo kabla sijafika kwenye nukta. Kwa hiyo mchana nimekwenda ukumbini kukagua. Plagi ya kumwashia Korongo iko ukutani, hatua chache nyuma ya pale nitakaposimama. Mluzi umepungua, suti iko tayari, na kesho nikipanda jukwaani waya wa umeme wa Korongo, umeshachomolewa, nitaushika mimi mwenyewe mkononi.